Oili inayopitisha umeme: Gisenyi inaihitaji wapi?

Mota ya umeme ikitoka kiwandani huwa na kibandiko cha chuma ubavuni kinachotaja nguvu yake. Kisichoonekana kwa urahisi ni sharti lililo nyuma ya namba ile. Kwa viwango vya kimataifa, nguvu hiyo huhesabiwa kwa mota itakayofanya kazi mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Kwa hiyo hata mota iliyofungwa ufukweni Gisenyi, mahali pa chini kabisa katika mji, imekwisha kuvuka kipimo hicho. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, na feni inayopuliza hewa nyepesi huondoa joto kidogo.

Jambo hili halizungumzwi sana hapa wilayani Rubavu, ulipo mji wa Gisenyi, pengine kwa sababu jioni za kando ya ziwa zina ubaridi mtamu na hakuna anayefikiria joto. Mashine zinalijua. Na mashine hapa si haba. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, na tangu mwaka 1963 gesi ya methani iliyovutwa kutoka ziwani ilitumika kuchemshia maji yake, miongo mingi kabla ya mitambo ya umeme wa gesi ya Kivu. Mto Sebeya unaendesha mitambo midogo ya umeme kabla ya kuingia ziwani. Mwaka 2008 mtambo wa majaribio wa KP1 uliwashwa hapa Rubavu kuonyesha kwamba gesi ya ziwa inaweza kutoa umeme. Ukafuata mradi mkubwa zaidi, wa KivuWatt, kule Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016 ukiwa na megawati 26. Kisha Shema Power, mradi wa megawati 56, ukarudi Rubavu. Ongeza pampu za maji, mashine za kusaga, kompresa za gereji, na maelfu ya pikipiki zinazopanda na kushuka milima kuelekea Musanze. Vyote hivyo vina vyuma vinavyosuguana, na kila palipo na msuguano kuna mafuta.

Ndiyo maana habari inayovuma katika biashara ya vilainishi inatuhusu. Inasema hivi: chukua unga wa kaboni wenye chembe ndogo kupita kiasi, ukipimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, uchanganye ndani ya oili au grisi, utapata kilainishi kinachopitisha joto, tena kinachopitisha umeme. Wauzaji hutaja nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni, hutaja grafini, yaani tabaka jembamba mno la kaboni, na bei hupanda kwa kila jina. Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji ajue anapelekwa wapi. Mahali ambapo mafuta yanatiririka, maneno haya yana kelele kuliko faida. Mahali ambapo grisi au pasta imekaa imetulia, kuna jambo la kweli, na baadhi yake limekuwapo muda mrefu bila kuitwa nano.

Uwezo wa kitu kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa kila mita kwa kila digrii. Oili ya madini hupata takriban 0.13. Maji hupata 0.6. Chuma cha kawaida hukaribia 50, na shaba 400. Kumbe mafuta tunayoyaamini kwa kupoza injini ni miongoni mwa vimiminika vibaya kabisa kwa kupitisha joto. Nanotyubu moja ya kaboni, ikipimwa peke yake, imewahi kupata 3,000. Mtu yeyote akiziona namba hizi mbili kwenye karatasi moja, 0.13 na 3,000, atatamani kuzichanganya.

Walitamani kweli. Mwaka 1991 mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, alieleza muundo wa nanotyubu hizo na dunia ya maabara ikawaka moto. Mwaka 1995 Stephen Choi wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, alipendekeza vimiminika vilivyotiwa chembe za nano kwa ajili ya kupoza mitambo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walitangaza tokeo la kushangaza: nanotyubu zikiwa asilimia moja tu ya ujazo wa mafuta ya sintetiki, uwezo wa kupitisha joto uliongezeka kwa asilimia 160. Nadharia zilizokuwapo hazikuweza kulieleza ongezeko hilo. Makala za kitaalamu zikamiminika kwa mamia, na wafanyabiashara hawakuwa nyuma.

Kisha ikaja hesabu ya pamoja. Mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 za nchi mbalimbali zilichapisha matokeo ya kupima sampuli zilezile, kila moja kwa chombo chake, nyingine zikiwa za mafuta ya sintetiki. Ajabu haikuonekana. Ongezeko lilikuwapo, lakini lilikuwa la kiasi, na lilikaa vizuri ndani ya nadharia ambayo mizizi yake ni James Clerk Maxwell, mtu wa karne ya 19. Katika vimiminika vya namna hii siku hizi matokeo ya kawaida ni nyongeza ya sehemu ndogo au makumi machache ya asilimia. Sifuri nukta kumi na tatu ikiongezwa theluthi nzima bado haijafika hata 0.2. Maji ya kawaida yameiacha mbali.

Kwa nini chembe zenye 3,000 zishindwe kuyainua mafuta? Msomaji wa Rwanda ataelewa haraka akikumbuka umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapojipanga kupitisha matofali mkono kwa mkono. Mstari ukikamilika, matofali yanafika. Mtu mmoja akikosekana katikati, mwenye nguvu kuliko wote hana la kusaidia. Chembe zilizotawanyika ndani ya mafuta haziukamilishi mstari. Kati ya moja na nyingine kuna mafuta yaleyale mabaya, na hata zinapogusana joto linapotea kwenye kila kiungo.

Umeme una tabia tofauti, na hapa ndipo habari inapokuwa na utamu. Nanotyubu ni nyembamba na ndefu sana kwa kulinganisha na unene wake, kwa hiyo hata zikiwa chini ya asilimia moja zinaweza kugusana na kuunda wavu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Wavu ukikamilika, umeme unapita, hata kwa kuruka nafasi ndogo. Kilainishi kilichokuwa kihami kinageuka kipitishi kwa kiwango cha maelfu kwa maelfu, wakati uwezo wake wa kupitisha joto umeboreka kidogo tu. Kwa hiyo mtu akiwauzia mafuta “yanayopitisha joto na umeme” kwa pumzi moja, jueni kwamba ahadi ya pili ni rahisi kutimizwa kuliko ya kwanza. Na ahadi ya pili ndiyo yenye hatari.

Turudi kwenye injini. Oili ya injini haiondoi joto kwa kulipitisha, hulibeba. Pampu huisukuma, inapita kwenye pistoni na beringi, inashika joto, inarudi chini au kwenye kipozeo na kuliacha huko. Kinachohesabika ni wingi wa mafuta yanayozunguka na kiasi cha joto ambacho kila kilo inaweza kushika. Ukiongeza chembe, mafuta yanakuwa mazito. Mnato ukipanda kuliko inavyostahili, pampu inatumia nguvu zaidi na mtiririko unapungua. Ulichokipata kwa mkono wa kulia umekitoa kwa wa kushoto. Kuna pia tatizo la chembe kushikamana. Zikiwa moja moja zinapita kwenye chujio bila shida. Zikigandamana zinanaswa humo au zinatuama chini ya sampu, na huko hazimsaidii mtu.

Sikatai kwamba baadhi ya chembe hupunguza msuguano na kulika kwa vyuma. Majaribio ya mipira minne ya chuma, ambapo mpira mmoja huzungushwa juu ya mitatu iliyozamishwa kwenye kilainishi, yameonyesha hivyo mara nyingi. Lakini injini si mipira minne. Ndani yake mna sabuni za kusafisha, masizi, mvuke wa maji, petroli iliyopenya, na viambato vingine vinavyogombania uso uleule wa chuma. Wamarekani wana kisa cha kuwafundisha wengine. Kiongezeo cha oili kilichoitwa Slick 50, kilichotangazwa kwamba kinapaka injini plastiki laini ya kuizuia isilike, kiliifanya tume ya biashara ya nchi hiyo kuishtaki kampuni kwa madai yasiyo na ushahidi, na mwaka 1997 shauri likamalizwa kwa makubaliano. Hakikuwa cha nano. Lakini chupa zake zilikaa kwenye rafu za vituo vya mafuta kama zinavyokaa za leo, zikiwa na ahadi zilezile.

Injini za gesi ya Kivu zina shida yao nyingine kabisa. Maji ya kina cha ziwa yana takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi, pamoja na hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Maji yakipandishwa juu kwa bomba, shinikizo linapungua, gesi inajitenga, kisha inaoshwa kwa maji kupunguza kaboni dioksidi na salfaidi kabla ya kupelekwa nchi kavu. Palipo na salfaidi iliyobaki, kuungua kwake huleta oksidi za salfa, na zikikutana na unyevu zinageuka tindikali inayokula beringi zenye shaba ndani yake. Kwa mwendeshaji wa injini ya namna hiyo, swali la kumuuliza muuzaji wa oili ni akiba ya viambato vya kuzima tindikali inadumu saa ngapi, na sampuli ya mafuta ipimwe mara ngapi. Grafini haijibu swali hilo.

Basi grisi. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, kwa kawaida sabuni ya lithiamu, ili yasitiririke. Haizungushwi na pampu wala haipelekwi kwenye kipozeo. Inakaa palepale ilipopakwa kwa miezi au miaka, na joto linalofika hapo linaipika. Mafundi wa beringi wana kanuni: grisi ya kawaida ikipita nyuzi 70, kila ongezeko la nyuzi 15 hivi hupunguza maisha yake kwa nusu. Sasa irudie ile mota ya ufukweni inayopozwa na hewa nyepesi. Kinachokufa mapema ndani yake, kabla ya waya, ni grisi. (Kuna kejeli ndogo: lithiamu ya sabuni hiyo ndiyo inayogombaniwa na watengenezaji wa betri, na bei yake iliyoruka mwaka 2022 iliwafanya wengi wafikirie sabuni za kalsiamu.)

Mwaka 2010 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Haiping Hong, wa chuo cha uhandisi wa madini cha South Dakota nchini Marekani, kilichapisha kazi kuhusu grisi ambamo nanotyubu zenyewe zilichukua nafasi ya sabuni. Nanotyubu ndizo zilizoyashika mafuta yasitiririke, na kwa kuwa zilikuwa nyingi za kutosha kugusana, grisi ikapitisha joto vizuri zaidi na umeme pia. Wazo hilo naliona lina akili kuliko chupa zote za kumimina kwenye injini, kwa sababu chembe zimepewa kazi badala ya kuwekwa kama pambo.

Kazi gani hasa? Siku hizi mota nyingi za pampu, mikanda ya viwandani na kompresa huendeshwa kwa inveta, kifaa cha kielektroniki kinachopunguza na kuongeza kasi. Inveta inaokoa umeme mwingi. Lakini inafanya kazi kwa kukatakata umeme mara elfu kadhaa kwa sekunde, na mkatiko huo huacha volti kwenye shafti ya mota. Volti inatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyopo ni beringi. Kati ya mpira wa beringi na njia yake kuna utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Utando ni kihami. Volti inajikusanya mpaka unapasuka, cheche inaruka, chuma kinayeyuka katika nukta ndogo. Cheche moja si kitu. Zikiwa mamilioni kwa wiki, njia ya beringi inachorwa mistari ya mawimbi, mota inaanza kunguruma, na fundi anabadilisha beringi bila kujua kwamba mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

Hapo kilainishi kinachopitisha umeme kina hoja: badala ya volti kujikusanya na kupasuka, ivuje polepole. Grisi za namna hiyo, zilizotiwa unga wa kaboni wa kawaida, zilishajaribiwa, na lalamiko lilikuwa kwamba chembe zenyewe husaga beringi na uwezo wake hufifia. Chembe za nano zinaweza kupunguza madhara hayo, kwa kuwa ni ndogo kuliko utando wenyewe. Hata hivyo, kwa mwenye mota leo, mimi ningeanza na dawa zilizokwisha kuthibitika: waya mzuri wa ardhi, beringi yenye mipira ya seramiki, au brashi ndogo ya kaboni inayogusa shafti na kuupeleka umeme ardhini.

Brashi hiyo inastahili kuzungumzwa kidogo, kwa maana ndiyo mzee wa ukoo huu. Kila fundi aliyewahi kufungua grainda, drili au stata ya gari ameshika kipande cheusi kinachosukumwa na springi. Ni grafiti. Inapitisha umeme huku ikijilainisha yenyewe, bila tone la mafuta, na imefanya hivyo tangu karne ya 19. Treni ya umeme ya Tanzania iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inachukua umeme wa volti 25,000 juu ya paa kwa mkono unaoteleza kwenye waya, na katika mikono ya aina hiyo kinachogusa waya ni ukanda wa kaboni. Watu wa ndege walijifunza siri ya grafiti kwa gharama katika Vita vya Pili vya Dunia: ndege zilipopanda juu sana, brashi za jenereta zilisagika kwa muda mfupi, ikabainika kwamba grafiti huteleza vizuri kwa msaada wa mvuke wa maji hewani, na huko juu hewa ni kavu. Kando ya Kivu unyevu upo wa kutosha. Molibdeni disalfaidi, unga mwingine mweusi unaotiwa kwenye grisi, una tabia kinyume: unyevu unauharibia kazi.

Penye faida ya uhakika zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye elektroniki. Fundi anayetengeneza kompyuta au inveta ya sola mjini anaijua pasta nyeupe inayopakwa kati ya chipu na bamba la kupozea. Kazi yake ni kujaza vijishimo visivyoonekana ambavyo vingebaki na hewa. Pasta haitembei, unene wake ni mdogo, na joto lote linapita ndani yake. Hapo kila nyongeza ya uwezo wa kupitisha joto inaonekana kwenye kipimajoto. Pikipiki za umeme zina chipu za namna hiyo kwenye kidhibiti cha mota. Jijini Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme, na hakuna sababu ya kudhani wimbi hilo litakomea Kigali. Milima ya kutoka Gisenyi itazichemsha chipu hizo kuliko barabara tambarare.

Hatari iko papo hapo. Pasta nyeupe hutengenezwa kwa oksidi ya zinki au madini mengine yasiyopitisha umeme. Ya kaboni au fedha inaweza kupitisha joto vizuri na umeme pia, na tone likidondoka kati ya miguu miwili ya chipu ni shoti. Ni vivyo hivyo kwenye plagi za betri zinazochomolewa na kuchomekwa mara nyingi kwa siku. Mtu akipaka humo grisi inayopitisha umeme akidhani anasaidia mguso, anaweza kuwa anajenga daraja kati ya chanya na hasi. Kwa plagi zenye pini zilizokaribiana, grisi isiyopitisha umeme ndiyo salama: chuma hugusana na chuma kwa kubanwa, grisi inabaki pembeni kuzuia maji na kutu. Palipo na bolti moja kubwa, kama kiungo cha waya wa alumini kwenye nguzo, mambo hubadilika. Alumini hujifunika oksidi isiyopitisha umeme mara tu inapoguswa na hewa, na pasta yenye chembe za zinki hutumika kuuvunja utando huo wakati bolti inakazwa. Mafundi wa nguzo wanaifahamu zamani.

Malighafi za biashara hii hazitoki mbali nasi. Grafiti imejaa Mahenge na Ruangwa, Tanzania. Wolframu, ambayo salfaidi yake kikundi cha Reshef Tenne wa taasisi ya Weizmann, Israeli, kiliigeuza mwaka 1992 kuwa chembe za mviringo zenye tabaka ndani ya tabaka na baadaye kilainishi cha kuuzwa, inachimbwa Nyakabingo, wilayani Rulindo hapahapa Rwanda. Inaondoka ikiwa mchanga.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ni mwisho wa mafuta hayo. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina mojawapo ya nanotyubu, ile iitwayo MWCNT-7, katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kwa ushahidi wa majaribio ya wanyama. Nanotyubu zikiwa ndani ya grisi hazipeperuki. Anayechanganya unga mkavu, anayepuliza beringi kavu kwa hewa ya kompresa, anayechoma matambara ya gereji, huyo yumo hatarini. Na oili chafu ikimwagwa kwenye mtaro Rubavu, mvua haina pengine pa kuipeleka ila Sebeya na ziwani, wanakovuliwa samaki wadogo waitwao sambaza.

Kwa hiyo, mwenye pikipiki ya petroli, fedha ya chupa ya nano itakufaa zaidi ukiitumia kubadilisha oili kwa wakati na kununua chujio halisi. Mwenye kiwanda anayetumia inveta, pima volti ya shafti kabla ya kununua grisi yoyote mpya. Fundi wa elektroniki, soma kama pasta inapitisha umeme kabla hujafungua kifuniko. Na Bodi ya Viwango ya Rwanda iwatake waingizaji waandike kwenye lebo mambo matatu: ni chembe gani zimo, ni kiasi gani, na zitupwe wapi.